Shilingi Iliyotobolewa

Ukitaka sarafu ya zamani ikuletee chapaa, iwe haijatumika. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya wakusanyaji, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo inavyonikera. Sarafu hupewa alama kuanzia 1 hadi 70, kwa kipimo kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Sabini ni ile ambayo hata ukiiangalia kwa kioo cha kukuza huoni mkwaruzo. Kila mkono ulioishika, kila mfuko iliolala pamoja na funguo, umeipunguzia alama. Ukiisugua kwa majivu ing'ae, kama tulivyofunzwa kusugua sufuria, umeiharibu zaidi. Na ukiitoboa, basi tena.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George V, upande wa pili simba, milima ikiwa nyuma yake. Watu huiita sarafu ya fedha, lakini fedha yenyewe ni robo tu. Uzito wake ni gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha halisi haifiki hata gramu 2. Basi anayeilipia shilingi safi mara kadhaa ya bei ya iliyochakaa hanunui madini. Ananunua nini?

Atakujibu kwamba ananunua uchache: nyingi zilisagika zikitumika, hii ikabaki. Jibu zuri, na sioni ubaya wa mtu kupenda kitu kilichohifadhika. Lakini kwani kilihifadhika vipi? Mwaka 1922, hata baada ya serikali ya kikoloni kuipunguza, kodi ya nyumba hapa Kenya ilikuwa shilingi 12. Kwa vibarua wengi wa mashamba ya walowezi, hilo lilikuwa jasho la mwezi mzima, pengine zaidi. Shilingi ya kibarua haikupata nafasi ya kulala sandukuni. Ilitoka kwa bwana shamba, ikapita mkononi mwake, ikaenda kwa serikali. Iliyobaki mpya ilibaki kwa mtu aliyeweza kuishi bila kuitumia. Hiyo ilikuwa anasa, na miaka mia moja baadaye soko linailipa tena.

Nyanya yangu ana shilingi ya 1924. Mama yake aliitoboa kwa msumari akaivaa shingoni. Tundu liko karibu na sikio la mfalme. Juzi binamu yangu aliibeba hadi kwa mnunuzi mmoja mjini, maana dadake alikuwa anahitaji vitabu vya shule. "Hii imeharibika," akaambiwa, na bei aliyotajiwa ilikuwa ya kuchekesha. Alirudi amekasirika, si kwa mnunuzi bali kwa marehemu: angeiacha tu ndani ya kopo!

Simlaumu binamu. Hadithi hainunui vitabu. Hata mnunuzi hakudanganya, kwa sababu tundu analiona lakini shingo iliyoivaa haioni. Akianza kulipia hadithi, kesho kila mtu atamletea ya kwake (mimi ningekuwa wa kwanza kutunga). Ninachokataa ni lile neno, imeharibika. Bei inaniambia mtu fulani yuko tayari kutoa kiasi gani. Neno hilo linaenda mbali zaidi, linamhukumu aliyeishika. Shilingi iliundwa ipite mikononi mwa watu. Ile ambayo haikupita popote ndiyo tunayoiita kamili, na iliyofanya kazi, kisha ikapewa kazi nyingine na mwanamke aliyetaka kupendeza, tunaiita mbovu.

Nilimweleza Nyanya haya yote, pamoja na bei ya ile isiyo na mkwaruzo. Akasikiliza, akaigeuza shilingi yake, akauliza, "Na huyo mwenye kuiweka miaka yote hiyo, alikuwa akinunua chumvi na nini?"

Binamu bado anatafuta pesa za vitabu. Tumekubaliana kuchanga.