Saburi ya Ayubu

Waingereza wana msemo wao: wakimwona mtu avumiliaye taabu pasipo kukasirika, husema kwamba ana saburi ya Ayubu. Hata mwalimu afundishaye watoto wazito husifiwa hivyo. Msemo huu watoka katika Waraka wa Yakobo, sura ya 5, kama ulivyopigwa chapa katika Biblia yao ya mwaka 1611.

Lakini na tuulize: je, Ayubu alinyamaza? Katika sura 2 za kwanza twamwona akipokea msiba wake kwa unyenyekevu. Lakini kuanzia sura ya 3 huyo huyo ailaani siku ya kuzaliwa kwake, alalamika kwa uchungu, hata ataka Mungu mwenyewe amjibu. Rafiki zake watatu waliketi naye siku 7 pasipo kusema neno. Walipofumbua vinywa, walimlaumu. Na katika sura ya 42 Mungu aliwakasirikia rafiki hao, akamhesabu Ayubu kuwa ndiye aliyenena vema.

Basi saburi ni nini? Neno la Kiyunani alilotumia Yakobo, asili yake ni kukaa chini ya mzigo. Nao Wamarekani, walipotoa tafsiri mpya ya Agano Jipya mwaka 1946, waliliacha hapo neno la zamani, wakaweka neno lenye maana ya kusimama imara. Mtu aliyejitwika mzigo aweza kuugua. Kuugua si kuutupa. Ayubu alilia, lakini alimlilia Mungu, wala hakumwacha.

Kwa hiyo yatupasa kuangalia sana jinsi tulitumiavyo neno hili. Mjane akinyang'anywa shamba la marehemu mumewe, akaja kwetu akilia, ni rahisi kumwambia, "Mama, uwe na saburi kama Ayubu," kisha tukaenda zetu kula. Hapo tumemfanya Ayubu kuwa kifuniko cha uvivu wetu, nasi tumekuwa kama Elifazi na wenzake. Tena Ayubu mwenyewe, katika sura ya 29, ashuhudia kwamba aliwasaidia wajane na yatima, akawapokonya wadhalimu mateka yao.

Ndugu, saburi ni neno la kuiambia nafsi yangu kwanza. Nikitaka kumwambia jirani, sharti kwanza nitie bega langu chini ya mzigo wake. Ndipo neno langu litakapokuwa faraja, wala si mzigo wa pili.