Rilei Iko Mezani, Unangoja Nini?

Unaijua ile sauti. Tak! Kitufe kinabonyezwa, milango minne inajifunga kwa mpigo, na mwenye gari anaondoka bila hata kugeuka nyuma. Wewe umesimama pembeni, spana mkononi, unatazama.

Utatazama mpaka lini?

Kila gari lenye tatizo la sentro loki likiingia gereji unalisukumia kwa mwenzako. "Hiyo kazi ya umeme," unasema. "Mimi sijasomea." Ulisema hivyo mwaka jana. Mwaka huu umerudia. Na yule anayepokea kazi uliyoikataa anapokea na malipo yake.

Hujasomea?

Joseph Henry alizaliwa Albany, jimbo la New York, mtoto wa kibarua. Alipofika miaka 13 hakuwa darasani. Alikuwa mwanagenzi kwa fundi wa saa na mfua fedha. Shule aliirudia akiwa kijana mzima. Mtu huyo huyo, mwaka 1835, ndiye aliyefanya umeme mdogo uufungulie njia umeme mkubwa. Hiyo ndiyo rilei! Kitu kilichotoka kwenye kichwa cha mwanagenzi leo unakipata kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Kirinyaga Road, nawe unakipita kama hukioni.

Kinunue leo. Kigeuze. Hesabu miguu.

Mitano. Ni hiyo tu inayokutisha?

Mguu wa 85 na wa 86 ni ncha mbili za koili. Mguu wa 30 ndio njia kuu. Rilei ikiwa imelala, 30 inagusana na 87a. Ukiipa koili umeme, rilei inaamka, 30 inaiacha 87a na kuidaka 87. Basi. Hakuna kingine kilichofichwa humo. Tena mara nyingi mchoro wenyewe umechapwa kwenye kasha, mbele ya macho yako, miaka yote hii uliyokuwa unasema hujui.

Sasa njoo kwenye mlango. Mota ya loki ina waya mbili za nguvu. Ipe chanya huku na hasi kule, inafunga. Geuza, inafungua. Kwa hiyo chukua rilei mbili. Waya moja ya mota iende kwenye 30 ya rilei ya kwanza, ya pili iende kwenye 30 ya rilei ya pili. Miguu yote ya 87a ipeleke kwenye bodi ya gari, yaani hasi. Miguu yote ya 87 ipeleke kwenye chanya ya betri, ikipitia fyuzi. Amsha rilei ya kwanza, mlango unafunga. Iache, amsha ya pili, mlango unafungua.

Ukiziamsha zote mbili kwa bahati mbaya? Mota inapata chanya pande zote mbili na kutulia tuli. Hakuna shoti. Uone uzuri wa akili iliyo ndani ya wairingi hii! Na wewe unataka kuniambia akili hiyo haiwezi kuingia kichwani mwako?

Inaweza. Imekosa kuitwa tu.

Unataka milango ijifunge yenyewe gari likianza kutembea? Safi, taka makubwa! Hapo utahitaji bodi ndogo ya kutoa amri, kama Arduino. Lakini usiunganishe koili moja kwa moja kwenye pini yake. Koili ya rilei ya gari hutaka kama ampia 0.15 kwa volti 12, na pini ile haina ubavu huo. Weka transista katikati. Kisha weka dayodi kwenye koili, 1N4007 inatosha, ule mstari wake ukielekea upande wa chanya. Kwa nini? Kwa sababu koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha teke la volti nyingi, na teke hilo linaweza kuua transista papo hapo. Ajabu ni kwamba aliyelichunguza teke hilo ni Henry yule yule, na kipimo cha nguvu hiyo ya koili leo kinaitwa henri kwa heshima yake. Mwanagenzi wa duka la saa!

Amri iwe fupi, nusu sekunde hadi sekunde moja. Mota ya loki haikuundwa kushikiliwa na umeme. Ukiiachia itaungua, na mteja atakuja na hasira zake, kwa haki kabisa.

Na hapa sitaki mzaha. Fyuzi ikae karibu na betri. Tundu la ufunguo na komeo la ndani lazima vifungue mlango hata betri ikiwa imekufa. Kuna watu watapanda gari hilo na watoto wao. Fundi anayeruka hatua hii ili awahi pesa, simwiti fundi.

Utasema huna muda. Jana usiku ulikuwa na simu mkononi mpaka saa ngapi? Utasema huna vifaa. Betri kuukuu ya volti 12, rilei mbili, mota iliyotolewa kwenye mlango mbovu, vipande vya waya, mita ya kupimia. Nusu ya hivyo viko kwenye kona ya gereji, vinapata kutu huku wewe unalalamika.

Usianzie kwenye gari la mtu. Anzia mezani. Chora kwa mkono wako mwenyewe, hata mchoro uwe mbaya. Unganisha. Pima. Haikulia? Pima tena, anza na fyuzi, kisha hasi, kisha koili. Ikigoma, fungua uunge upya. Nani kakwambia wanaojua hawakuunguza kitu?

Amka!

Ondoa kikombe cha chai mezani. Leta betri. Waya ya hasi kwanza kwenye 87a, zote mbili. Bado fyuzi. Weka fyuzi. Mguu wa 86 kwenye hasi. Sasa gusa 85 kwa waya ya chanya.

Umeisikia? Haya, bado milango mitatu.