Tuliomba Mvua, Mlima Ukashuka



Vijana wapendwa, kila Majilio yakianza, sisi wa Jimbo la Mbulu tunawasha mshumaa wa kwanza tukiikumbuka Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka ikashuka na makorongo: tope, mawe, magogo, mpaka Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Serikali ilihesabu marehemu 89.

Sasa fungua masomo ya siku ile, Mwaka B. Somo la kwanza ni Isaya, sura ya 63 na 64. Nabii anamlilia Mungu apasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele yake. Jamani! Lisome somo hilo siku ambayo mlima umeshuka kweli. Mimi hadi leo nikifika pale nasita.

Na si hilo tu. Mnakumbuka ukame wa 2022, mifugo ilivyokufa Manyara. Kwenye jumuiya tuliomba mvua, tukaomba tena. Halafu mvua ikaja ikaua. Kijana mmoja aliniuliza, "Kwani Mungu alitusikia vibaya?" Swali la uchungu, lakini ni la haki, na Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo. Kilichonisikitisha ni wale ambao hawakuuliza kitu, walishahukumu: watu wa Katesh wameadhibiwa.

Yesu aliyakuta maneno kama hayo. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: hapana. Kisha anawageukia wanaomsikiliza na kuwaambia watubu wao.

Tutubu nini? Mvua ile ilikuwa na chanzo chake. Miaka mitatu mfululizo maji ya Pasifiki yalipoa, ile wanaita La Niña, na huku kwetu mvua zikawa haba. 2023 ikaja El Niño, na Bahari ya Hindi upande wa Afrika ikapata joto kuliko kawaida. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza mapema kwamba mvua zitazidi wastani. Wataalamu waliochunguza mlima walisema miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikamomonyoka, volkano haikuhusika. Siku zilezile mataifa yalikuwa Dubai yakijadili tabianchi, na Rais wetu ilibidi akatize safari arudi. Mfugaji wa Hanang amechafua hewa kiasi gani, jamani? Wenye viwanda vikubwa wana toba yao. Sisi tuna yetu.

Injili ya Dominika ile ni Marko 13, kukesha. Mtazameni yule bawabu. Hakeshi kwa ajili ya roho yake peke yake. Anakesha ili wengine ndani ya nyumba walale salama. Tahadhari ya mvua inakufikia wewe kwenye simu, unaisoma, unaipita, unarudi kwenye vichekesho. Bibi anayeishi kando ya korongo hana simu ya namna hiyo. Nani atamgongea mlango?

Somo lilelile la Isaya linasema sisi ni udongo na Mungu ndiye mfinyanzi. Zamani nililisikia kama maneno matamu tu. Tangu Katesh, nikilisikia nawaona wanajeshi na vijana wakichimbua tope wakitafuta watu wasiowajua hata majina.

Basi tuendelee kuomba mvua, maana bila mvua hatuishi. Dominika hii, kabla ya kuwasha mshumaa, tuwaombee marehemu wetu wa Hanang. Na mkitoka kanisani, kila jumuiya ijue ni nani anakaa chini ya korongo, na ni kijana gani atakwenda kumwamsha usiku.