Nani Amshike Mtoto

Ijumaa usiku Kambi Muru, hapa Kibera, haina usingizi. Makanisa ya mabati yana kesha, spika zimeelekezwa nje, na amri ni ileile kutoka ploti hadi ploti: toka, mwachie mtoto wa watu! Wanaofukuzwa ni roho ya ulevi, roho ya kukosa kazi, roho ya kifafa. Sidharau maombi hayo. Naamini malaika wapo na mapepo yapo. Nimelelewa hivyo na sijasikia hoja ya kuning'oa hapo. Swali langu ni lingine: tukishasema kwamba hili ni pepo, tunafanya nini baada ya hapo?

Tazama mtoto akianguka kifafa kwenye foleni ya maji. Mitungi inapinduka, watu wanarudi nyuma, kwa kuwa wengi wetu tuliambiwa tangu utotoni kwamba povu lake likikugusa nawe utashikwa. Mtu anapaza sauti aletewe kijiko amtie mtoto kati ya meno, jambo linaloweza kumvunja meno au kumziba pumzi. Mama mtu amepiga magoti peke yake. Anamlaza kwa ubavu, anamkunjia leso chini ya kichwa, anangoja. Dakika mbili za kungoja hivyo ni ndefu mno.

Kifafa kinaweza kutokana na jeraha la kichwa, uzazi uliokuwa mgumu, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, hata tegu wa nguruwe aliyefika kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa, na baadhi ya dawa hizo ni za bei ya chini. Lakini nani atamfikisha kliniki mtoto ambaye hata kumgusa tumeogopa? Kama pepo alikuwa na kazi pale kwenye foleni, basi ameifanya kwetu sisi tuliorudi nyuma.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka tufute habari za mapepo tubaki na daktari pekee. Kibera inawajua akina mama wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwaka 1963. Hao wakisikia pepo hawakimbii. Wanakuja na kanzu zao na rozari, wanamzunguka mgonjwa, wanamshika, wanakesha naye. Imani ni ileile. Mmoja imemfukuza, mwingine imemleta.

Kuna matumizi mengine ya shetani yanayonitia uchungu zaidi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Kumbuka miaka hiyo: mabilioni ya shilingi yalikuwa yametoka hazina kupitia kashfa ya Goldenberg. Taifa likaelekezwa kumsaka adui asiyeonekana, ilhali waliochota fedha walikuwa na majina na ofisi.

Kambi Muru inalijua hilo kwa njia yake. Julai 23, 2018, alfajiri, tingatinga ziliingia Kibera kupasua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, makanisa na shule zikalala chini, na maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao msimu wa baridi. Baadaye ungeweza kumsikia mtu akisema kwamba adui ameishambulia nyumba yake. Namwelewa, maumivu yanatafuta jina. Lakini tingatinga zile zilikuja kwa ramani, kwa bajeti na kwa sahihi ya mtu. Mateso yenye sahihi yana mahali pa kupelekwa, nako ni mahakamani na kwa mbunge. Ukimkabidhi pepo, faili limefungwa.

Ayubu hakukubali faili lake lifungwe. Sisi wasomaji tunajua Shetani aliomba ruhusa ya kumtesa. Ayubu mwenyewe hajui, na katika malalamiko yake yote hamtaji hata mara moja. Anataka kesi isikizwe na Mungu mwenyewe. Na ukivuka kwenda Makina kwa wazee wa Kinubi, watakuonyesha katika Kurani Sura ya Ibrahim, ambamo Shetani, hukumu ikishapita, anajitetea kwa wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka juu yao. Aliwaita tu, nao wakaitika.

Nimeitafakari sana habari hiyo ya kuitwa. Kama ndivyo, pepo hawezi kumwacha mtoto chini peke yake mpaka sisi tukubali kurudi nyuma. Na malaika naye, nadhani, anaita vivyo hivyo, wala hana mikono mingine pale kwenye foleni ila ya waliosimama na mitungi. Wapo wachungaji humu Kambi Muru wanaomwombea mtoto kwa sauti kubwa, kisha wanamuuliza mama kama dozi ya mwezi huu imetosha, na isipotosha wanapitisha kapu hapohapo kabla ya kesha kuisha.