Sijambo ya Mgonjwa

Kiswahili kinamtega mgonjwa mapema. Anayekuuliza "hujambo?" amekwisha kukuwekea jibu mdomoni: huna jambo, sivyo? Nawe unamalizia: sina jambo. Hata "habari za asubuhi" haina jibu baya. Ni nzuri, njema, salama, na aliyefiwa usiku uleule husema "njema" kwanza, kisha "ila tumempoteza baba". Wageni wanaojifunza lugha yetu hushangazwa na hilo. Mimi sikuwahi kushangaa mpaka nilipoanza kupigwa mionzi.

Swali langu ni hili: mgonjwa anayejibu "sijambo" wakati ngozi ya kifua chake inambanduka, amesema uongo? Na kama si uongo, ni kitu gani, na kinakoma kuwa halali wapi?

Jibu la haraka ni kwamba salamu si ushahidi wa mahakamani. Nakubali. Salamu ni kizingiti. Mtu huvuka, akaketi, ndipo akaeleza kilichomleta. Lakini kwa wiki tano niliishi na watu waliobaki kizingitini siku hadi siku, nami nikiwa mmoja wao saa nyingine, na kilichokuwa ndani hakikupata wa kukieleza.

Lazima niseme kidogo jinsi tiba hii inavyokwenda, maana mionzi nayo ina namna yake ya kusema sijambo. Unalala chali juu ya meza ngumu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, kifua wazi. Wataalamu wanakulinganisha kwa vidoa walivyokutia siku ya vipimo, vya wino usiotoka, kama chale ndogo sana, kisha wanatoka chumbani wanakuacha peke yako. Mashine inanguruma dakika chache. Husikii joto, husikii kuchomwa. Unavaa, unakwenda kusubiri daladala. Wiki ya kwanza nilipoulizwa kama inauma nilisema haiumi, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Mionzi huharibu vinasaba ndani ya seli. Seli nzima hujikarabati vizuri kuliko za saratani, zikipewa nafasi, ndiyo maana dozi hukatwa vipande vidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili mwili unaachwa upumue. Mimi nilipangiwa vikao 25. Ngozi nayo hujifanya upya kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo seli zilizoumizwa leo huja kudai baada ya wiki mbili au tatu. Wa kwanza walioshika eksirei hawakulijua hilo. Emil Grubbe wa Chicago, aliyedai kwamba alimtibu kwa miale hiyo mwanamke mwenye saratani ya titi mapema mwaka 1896, muda mfupi tu baada ya Röntgen kuigundua, alikuja kukatwa mkono kwa madhara yake. Kitu kisichouma leo hakijasema neno lake la mwisho.

Vipeperushi vinasema: angalia wekundu. Ngozi yangu haikuwa nyekundu hata siku moja. Iliiva, ikazidi weusi wake kama chungu kilichozoea moto, ikakauka, ikaanza kuchanika kwenye mkunjo wa kwapa. Vipimo vya kupangia ukubwa wa madhara ya ngozi vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya huo wekundu, na sidhani waliovitunga walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wanatazama ngozi walizozizoea. Lakini tazama matokeo yake. Mwenye ngozi nyeupe anaweza kusema "sijambo" na kifua chake kikamsuta palepale mbele ya muuguzi. Sisi tukisema sijambo, ngozi inakubaliana nasi. Mzigo wote wa kusema umebaki kwa mdomo, na mdomo wenyewe ndio huo uliolelewa kujibu "salama".

Hata hivyo ngozi ina afadhali, kwa kuwa ukitaka kuionyesha utaionyesha. Uchovu hauonyeshwi. Nilikuwa nimetoka Tanga, nikafikia kwa wifi yangu, Mbagala. Kwa miaka mingi Ocean Road ndipo mahali pekee pa tiba ya mionzi katika nchi nzima, na hata baada ya Bugando kule Mwanza kuanza, wengi wanaokuja kutibiwa Dar es Salaam bado ni wageni wa mtu fulani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku 38.

Uchovu uliingia wiki ya tatu. Si ule wa kazi, ambao ukilala unaondoka. Niliamka nimechoka, nikaoga nikachoka, nikafunga vifungo vya dera nikakaa kitandani kupumzika kwa sababu ya vifungo. Wifi hakuwahi kunipa jembe, hata kwa jicho. Lakini jembe lenyewe nililiona: vyombo vya usiku, ndoo za maji, watoto watatu wa kuandaliwa shule saa kumi na moja alfajiri. Aliponiuliza, "Umeamkaje, wifi?" nilijibu "Salama," nikachukua ufagio.

Nimelifikiria sana jibu lile. Sidhani lilikuwa taarifa kuhusu mwili wangu, wala wifi hakulichukua hivyo. Lilikuwa malipo. Mgeni asiye na nguvu hulipa kwa uso mkunjufu kwa kuwa ndicho alichobaki nacho. Kwa hiyo huwa nasitasita ninaposikia mgonjwa akiambiwa ajisikie huru kusema anachokisikia. Uhuru huo una bei, na mara nyingi anayeilipa si msemaji. Nikisema nimechoka, wifi ataamka saa kumi badala ya saa kumi na moja. Ukweli wangu ni kazi ya mtu mwingine. Kuna watu wanaoona kwamba hilo halihusiani na maadili, kwamba ukweli ni ukweli. Hao, nadhani, hawajawahi kuugulia katika nyumba ya mwingine.

Uingereza, utafiti uitwao FAST-Forward, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa saratani ya matiti ya hatua za mwanzo vikao 5 katika wiki moja havikuwa hafifu kuliko vikao 15 katika wiki tatu. Wenye elimu ya mambo hayo wataeleza nani anafaa na nani hafai. Mimi nikiisikia habari hiyo sifikirii mashine. Nahesabu alfajiri za wifi.

Tulichokuja kukubaliana, mimi naye, kilikuwa kidogo sana. Nilimwambia: "Wifi, asubuhi mimi si mtu. Jioni naweza kuchambua mchele na kukaa na watoto." Akasema basi. Nesi naye alikuwa amenishauri nitembee kidogo kila siku, jambo lililonichekesha kwanza, lakini kweli lilinisaidia kuliko kulala, hivyo jioni nilikwenda na watoto mpaka dukani na kurudi. Jirani mmoja alikuwa anamvuta mwanawe nikipita. Aliogopa mionzi itamrukia. Huyo sikumjibu kwa salamu; nilisimama nikamweleza kwamba mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, kwamba nikitoka pale mezani simdhuru mtoto kuliko yeye anavyomdhuru. Alisikiliza. Mtoto aliendelea kuvutwa siku mbili hivi, halafu ikaisha.

Kwenye benchi la kusubiria nilizoea kukaa na mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, aliyetoka Kigoma kwa treni. Naye alipangiwa 25, akiwa mbele yangu siku chache. Siku moja katika kichumba cha kubadilishia nguo aliniomba nimshikie kanga, nikaona. Chini ya titi, pale ngozi inapolaliana na ngozi, pamechubuka na panatoa maji. Alikuwa amepamwagia poda. Titi lake zito lilipafunika hata akilala.

"Mwanangu, nisitiri," aliniambia. "Wakiona watanisimamisha. Nikisimama, nauli ya kurudi nitaipata wapi?"

Msomaji asimwone mjinga. Tuliambiwa sote, na ni kweli, kwamba kukatisha mionzi katikati kunazipa seli za saratani zilizobaki nafasi ya kuongezeka, hivyo tusikose siku bila sababu. Mama alikuwa ameushika ukweli huo kwa mikono miwili. Asichokijua ni kwamba kidonda kibichi katika joto la Dar es Salaam, na poda juu yake, kinaalika maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoweza kumsimamisha kweli.

"Nisitiri" ni neno zito. Kwetu pwani, aliyeombwa sitara akaanika, hata kwa nia njema, amefanya jambo lisilosahaulika. Na mama yule alikuwa akivua nguo kila siku mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake. Kidonda kile kilikuwa kitu pekee cha mwili wake alichokuwa bado na uamuzi juu yake. Ningemwendea nesi pembeni ningempokonya hicho nacho. Nisingesema, ningekuwa natunza siri inayooza.

Jumatano ilikuwa siku ya kuonwa na daktari. Tulikuwa wanne kwenye foleni, mlango wazi. Nesi alipita akisalimu, nikamwuliza kwa sauti: "Sista, kwapa langu linachubuka. Je, mtanisimamishia mionzi?" Nilikuwa nimemwuliza swali hilohilo wiki iliyotangulia na jibu nilikuwa nalo. Akajibu kama mara ya kwanza: kwa ngozi tu mara nyingi hawasimamishi; wanasafisha, wanafunika kwa bandeji isiyogandia, wanatoa dawa ya maumivu, unaendelea na vikao; ila wajue mapema. Mama alikuwa ameinama, rozari mkononi. Hakusema kitu. Alipoitwa ndani nilimsikia akijibu, "Sijambo, daktari."

Ijumaa nilimwona akitoka chumba cha kufungia vidonda.

Sasa hesabu hii imenishinda kuifunga vizuri. Nilichomwambia nesi kilikuwa kweli neno kwa neno. Kwapa lilikuwa linachubuka. Lakini swali lilikuwa la kuigiza, na nesi alikuwa hajui kwamba amewekwa jukwaani. Mama alisema lisilo kweli, "sijambo", bila kuigiza hata kidogo, kama alivyofundishwa kumjibu mtu mwenye heshima tangu alipoanza kusema. Ukipima kwa maneno peke yake, mimi ndiye mkweli na yeye ndiye mwongo. Hakuna aliyekuwa pale angesema hivyo.

Naona tatizo liko upande wa swali. Mfanyakazi wa afya anakuja na kalamu, anauliza, "Mama, hujambo? Unaendeleaje?" Kwake ni uchunguzi. Kwa mama ni salamu, na salamu ina jibu moja. Uchunguzi umevaa nguo za salamu, kisha tunamlaumu mgonjwa kwa kuwa na adabu. Daktari mmoja kijana alikuwa hafanyi hivyo. Alisalimu kwanza, akapokea sijambo yake yote, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya, sasa nionyeshe kwapa, halafu nionyeshe chini ya titi." Sikumsikia mtu yeyote akimdanganya, maana hakuna jibu la adabu lililowekwa tayari kwa "nionyeshe".

Kuna methali wanayopenda kuwatupia wagonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na siipendi. Inamtisha anayeficha na kumwacha huru aliyemfundisha kuficha. Nimeshuhudia mtu akijikaza, akasema "leo inaniuma sana", na ndugu yake akamjibu, "Mshukuru Mungu, wengine hawajafika hata hospitali." Kesho yake aliulizwa hali, akasema nzuri. Methali ya kumsema yule ndugu sijaisikia. Ukweli wa mgonjwa unahitaji sikio lisiloupima na wa mwingine kabla haujamaliza kutoka. Sisi wenyewe benchini tulikuwa na kosa hilo. Ukiambiwa utaje maumivu yako kati ya 0 na 10, na jirani yako ana saratani ya mlango wa kizazi na hawezi hata kukaa sawasawa, utataja saba kwa uso gani? Nilitaja nne. Nadhani ilikuwa nne.

Jambo ambalo halikunijia akilini ni la baada ya kumaliza. Ngozi hufikia ubaya wake wa mwisho wiki moja au mbili baada ya kikao cha mwisho, kwa sababu zilezile za seli kudai kwa kuchelewa. Lakini watu huhesabu vikao. Siku ya 25 simu ilijaa hongera, nikarudi Tanga, na kwapa likafunguka nikiwa nyumbani, na hakuna tena aliyekuwa anauliza, kwa kuwa nimemaliza. Nilikuwa naoga maji vuguvugu na sabuni isiyo na harufu, najifuta kwa kugusagusa, nakaa na kanga tu bila sidiria, naepuka udi na marashi ambayo nyumba yetu haiwezi kuishi bila hayo. Wageni walikuja kunipongeza. Niliwashukuru.

Jioni moja simu iliita, namba ya Kigoma. Kabla sijafikisha shikamoo yangu mama akaniuliza, "Kwapa linatoa maji bado?"

Nikamwambia linatoa, na usiku nalala kwa ubavu mmoja. Akasema lake la chini ya titi limekauka, limebaki jeusi, na ngozi mpya inawasha mpaka anataka kupiga kelele, na mkono unamjaa kidogo akiteka maji, na kesho atakwenda zahanati awaonyeshe. Tukaongea hivyo dakika kumi, mpaka salio lake likakaribia kuisha. Hapo ndipo tukakumbuka kusalimiana.