Daftari la Jumuiya na Mbalamwezi

Jumamosi ya tarehe 3 Mei 2025, saa 12:30 asubuhi, jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mwalimu mstaafu, kwenye kiwanja kilichobanwa na mawe mawili makubwa kama vilivyo viwanja vingi vya milimani hapa Mwanza. Viti vya plastiki tuliazima kwa jirani yake Mwislamu, ambaye huvitoa nje kabla hajaombwa. Tulikuwa watu 17, watoto wakiwa mkekani. Tulimwombea marehemu Papa Fransisko, aliyekuwa amefariki Jumatatu ya Pasaka, na makardinali waliokuwa wakijiandaa kumchagua atakayemrithi. Kisha msomaji akafungua Injili ya Dominika ya kesho yake, ya tatu ya Pasaka: Yohane, sura ya 21.

Petro na wenzake wamekesha ziwani na hawakupata kitu. Kunapambazuka, Yesu amesimama ufukweni. Amewasha moto wa makaa, pana samaki na mkate, anawaita waje kufungua kinywa. Wakati wa kushirikishana, mmoja wetu alizungumzia utii, mwingine akazungumzia Petro kukabidhiwa kondoo. Yalikuwa maneno mazuri. Muda huohuo, kutoka kule chini, injini za mitumbwi ya dagaa zilikuwa zinasikika zikiingia mwaloni moja baada ya nyingine. Kila mtu pale uwanjani alizisikia. Hakuna aliyezitaja.

Baada ya sala ya kufunga nikafungua daftari. Nilikuwa katibu wa jumuiya kwa mwaka wa sita. Ni lile daftari kubwa la kaunta, jalada gumu, nimelivisha karatasi ya kaki. Majina yako kushoto, Jumamosi za mwaka zimepigiwa rula ya wino mwekundu kwenda kulia. Aliyekuja anapata vema, asiyekuja anapata kistari. Asubuhi ile niliweka vistari sita, vyote kwa nyumba za ziwani. Nikajumlisha, nikafunga daftari, nikaenda nyumbani kunywa chai.

Msomaji asiye Mkatoliki anaweza kudhani maisha ya parokia ni Misa ya Jumapili. Jumapili ni kilele tu. Wiki nzima kuna watu: kwaya wanafanya mazoezi jioni hata umeme ukikatika, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wana siku yao, kanda iliyo zamu inapiga deki kanisani na kufua vitambaa vya altare, watoto wa Utoto Mtakatifu wanafundishwa nyimbo chini ya mwembe. Lakini mzizi ni jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi, kumi na tano, zinazosali kwa zamu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikubaliana juu ya jambo hili mjini Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakalifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu. Kwa Watanzania halikuwa geni. Tulikuwa tumeshazoea balozi wa nyumba kumi, tukijua maana ya kujulikana kwa jina na kuhesabiwa na mtaa. Nadhani ndiyo sababu jumuiya zilishika haraka hapa, na ndiyo sababu pia daftari likaingia nazo.

Na daftari lina haki yake. Mtu akilazwa hospitali ya Bugando, jumuiya ndiyo inayopanga zamu ya uji. Akifiwa, wao ndio wanaochota maji, wanaopika, wanaokesha turubaini. Ukibeba sufuria za msiba kwa miaka mingi, halafu akaja mtu usiyemjua uso anataka saini kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi ijayo, unakasirika, na hasira hiyo siwezi kuidharau. Kutokana nayo tukajiwekea utaratibu: ubatizo, komunyo ya kwanza, ndoa, hata mazishi, vipitie kwa katibu na daftari lake.

Wiki mbili na siku kadhaa baada ya Jumamosi ile, jioni, akaja kwangu mama mmoja wa kule mwaloni, mtoto wa miezi minne mgongoni. Alitaka fomu ya ubatizo isainiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Nikafungua daftari mbele yake, nikapitisha kidole kwenye mstari wake. Tangu Januari tulikuwa tumesali Jumamosi 19, naye alikuwa na vema tano.

“Mama,” nikamwambia, “utaratibu tuliupanga wote. Hudhuria miezi mitatu mfululizo, halafu uje tuongee.”

Hakubishana. Alisema, “Sawa, Katibu,” akamkaza mtoto vizuri kwenye kanga, akateremka kwa ile njia ya kwenye mawe. Kwenye kanga, karibu na kisigino cha mtoto, palikuwa na magamba madogo ya dagaa yaliyokaukia, yanang'aa. Niliyaona kabisa. Niliyatazama mpaka akapotea nyuma ya jiwe, kisha nikaingia ndani.

Habari ikamfikia katekista wetu, mzee ambaye sote tunamwita Mwalimu. Alikuja siku ya pili, akakataa chai, akaomba daftari. Akaliweka juu ya meza, akavaa miwani, akausoma ule mstari polepole kama mtu anayesoma barua. Vema. Kistari, kistari, kistari. Vema. Kistari, kistari, kistari.

“Katibu,” akasema, “hizi Jumamosi za vema, mwezi ulikuwaje?”

Sikumwelewa. Akaniuliza swali jingine: “Na Juma Kuu, huyu mama alikosa siku gani?”

Hakukosa hata siku moja. Alikuwepo Alhamisi Kuu, alikuwepo kwenye njia ya msalaba, alikesha Pasaka na mumewe na watoto.

Dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi hushusha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa nyingi za sola, dagaa wakaifuata taa, wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikitoka, ziwa zima linakuwa na mwanga na taa ya mvuvi inakosa nguvu. Ndipo mitumbwi hupumzika na wanaume wakalala nyumbani siku kadhaa. Siku nyingine zote, wanapokuwa gizani, kazi ya mwanamke inaanza pale injini zinapoingia: kugombea ndoo za dagaa wabichi, kuwamwaga juu ya nyavu chakavu au kwenye chanja, kuwatandaza kabla jua halijapanda, kuwageuza, kukimbizana na mvua na ndege. Akikosa saa ile amekosa siku nzima, na mzigo wa kupeleka soko la Kirumba Mwaloni, wanakonunua mpaka wafanyabiashara wa Kongo, haupo. Saa ile ndiyo 12:30 asubuhi. Tuliichagua sisi wa milimani, walimu, manesi na makarani, kwa sababu kwetu ilikuwa saa nyepesi. Tuliposema utaratibu tuliupanga wote, hatukusema kweli. Wao walikuwa mwaloni siku tulipoupanga.

Daftari langu lilikuwa limeuchora mwezi kwa miaka sita, nami niliyeshika kalamu nikauita utoro.

Jambo la Juma Kuu lilinikaa moyoni kuliko yote. Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hesabu hiyo ya Kanisa, Juma Kuu halikosi mbalamwezi. Kwa maneno mengine, Kanisa hupanga sikukuu yake kubwa kuliko zote kwa mwezi uleule anaoutazama mvuvi wa Ukerewe kabla hajasukuma mtumbwi. Yule mama hakuwahi kukosana na saa ya Kanisa. Alikosana na saa yetu.

Wakulima walishasogezewa saa zamani. Nenda Bujora, pale Kisesa, ukaone kanisa alilojenga Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Na sikukuu ya Ekaristi, inayoangukia wakati mavuno yameshaingia ghalani na Wasukuma wanacheza, ikapokea ngoma: ndiyo Bulabo ya leo, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu wakishindana mbele ya umati. Mtu aliitazama kalenda ya mkulima akaona pana nafasi ya Mungu ndani yake. Kalenda ya ziwani bado inasubiri mtu wa kuitazama hivyo, ingawa imani yenyewe iliingia huku kwa mtumbwi. Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye, ufuko wetu huuhuu, wakavuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Miaka minne baadaye, 1883, misioni ikasimama Bukumbi, kando ya maji.

Nikarudi kusoma. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka mambo mawili kwa ubatizo wa mtoto mchanga: wazazi, au angalau mmoja wao, waridhie, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Kanuni ya 1184 inataja watu wa kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazoipinga imani, wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini, na hata hao wasinyimwe kama walionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa. Daftari la mahudhurio halimo. Nimewahi kusimama kwenye msiba ambapo marehemu, mzee aliyebatizwa utotoni, alizikwa na wanawe tu wakimsomea sala kutoka kwenye simu, kwa sababu jumuiya ilikataa kutoa barua. Mjane alikuwa anatutazama usoni mmoja mmoja. Sikuwa katibu siku hizo, lakini nilikuwa pale, na sikusema neno.

Ziwa hili limetuzikia watu kwa namna nyingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora, watu wakirudi kutoka gulioni na mizigo yao. Walikufa zaidi ya watu 220. Waliozikwa pamoja pale Bwisya waliombewa na viongozi wa dini zetu wakiwa wamesimama upande kwa upande. Kabla yao, mwaka 1996, waliokufa na meli ya MV Bukoba walizikwa Igoma, wengi bila hata jina kujulikana. Kwenye makaburi yale hakuna aliyeuliza nani ana deni la zaka. Tunajua kufanya hivyo msiba unapokuwa mkubwa. Ninachotamani ni kwamba tujue kufanya hivyo kwa mtu mmoja, siku ya kawaida, anapobisha hodi na mtoto mgongoni.

Nilikwenda kwake na fomu ikiwa imesainiwa. Nilimwomba radhi mbele ya mumewe. Alinikaribisha ndoo nikae, akaniletea sato na ugali, na nilipojaribu kueleza zaidi akanikata: “Kula kwanza, Katibu.”

Mwalimu aliongea na paroko, paroko akasema hana kipingamizi. Sasa, majuma ya giza, sisi wa milimani tunateremka mwaloni Jumamosi saa 10 jioni, dagaa wakiwa wameshakusanywa. Tunakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa kifudifudi na juu ya magunia. Yange-yange wanadonoa makombo karibu na miguu yetu. Mara ya kwanza nilipendekeza turudie ile Injili ya Mei, Yohane 21. Nikasoma mimi. Ulipofika wakati wa kushirikishana, kimya, kisha akasema mzee mmoja mwenye mtumbwi, ambaye kwenye daftari langu alikuwa na vistari karibu mwaka mzima:

“Mtu aliyekesha bila kupata kitu hata hataki kusemeshwa. Hapo umewasha moto, umempa chakula, ndiyo anaweza kukusikia. Huyu aliwajua wavuvi.”

Miaka sita ya kushirikishana uwanjani kwetu, sikuwahi kusikia jambo hilo likisemwa.

Daftari bado ninalo. Vema zimeongezeka, na kwenye ukingo wa kila ukurasa nimechora duara dogo siku ya mwezi mpevu. Lakini kuna mstari mmoja hauna vema hata moja tangu Julai. Ni wa kijana wa bodaboda aliyepanga nyumba ya juu kabisa, nyuma ya jiwe lililoandikwa namba ya simu ya fundi bomba. Nimepita kwake mara mbili mchana, mlango umefungwa. Wenzake wa kijiweni wanasema mchana analala, na usiku, kuanzia saa 5, anapatikana stendi ya Nyegezi akisubiri mabasi yaliyochelewa. Alhamisi nitakwenda huko.