Hariri, Katani na Nailoni: Waadhi juu ya Kujua Asili ya Vitu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Tumeletewa suali na vijana wetu wa pwani walioko katika kazi za viwanda huko Thika na Ruiru. Wasema kuwa hununua kanzu na mashati ya kitambaa laini king'aacho, na wakifika msikitini baadhi ya wazee huwakemea, wakawaambia kuwa hiyo ni hariri, na hariri ni haramu kwa mwanamume. Wako waliokwisha kuacha sala ya jamaa kwa ajili ya karipio hilo. Jambo hili si dogo. Kumhalalishia mtu alichoharimishiwa ni dhambi, na kumharimishia alichohalalishiwa pia ni dhambi. Na mwenye kuhukumu kwa mng'aro wa nguo, bila ya kujua asili yake, yu karibu ya kuingia katika moja ya mawili hayo.

Basi natuanze kwa kuijua asili. Wataalamu wa kemia wametubainishia kuwa pamba, katani, hariri, sufu, ngozi, mpira na plastiki, vyote hivyo vimefanyika kwa minyororo mirefu isiyoonekana kwa macho, nayo huitwa polima. Mfano wake ni tasbihi. Punje moja ya tasbihi huitwa monoma, na punje hizo huungana moja kwa moja, hata mnyororo mmoja waweza kuwa na punje maelfu. Aliyelitangaza jambo hili mwaka 1920 ni Hermann Staudinger wa Ujerumani. Wataalamu wenziwe wengi walimkanusha, naye akashikilia hoja yake, hata mwaka 1953 akapewa tunzo ya Nobel.

Na mwenye kutaka mifano, Thika na Ruiru ni madrasa tosha. Nchi ile ilipandwa mkonge tangu mwanzo wa karne iliyopita. Katani ya mkonge, ya huko na ya kwetu Vipingo, sehemu yake kubwa ni selulosi, na punje ya selulosi ni glukosi, nayo ni namna ya sukari. Pamba ifumwayo viwandani Thika ni selulosi vile vile. Na wanga wa mahindi na muhogo, punje yake ni glukosi hiyo hiyo! Tofauti yao ni namna ya kuungana tu. Kiungo cha wanga, tumbo la binadamu huweza kukifungua, akapata nguvu. Kiungo cha selulosi haliwezi. Ng'ombe naye hula majani akanenepa kwa sababu Mola wake amemtilia tumboni vijidudu vidogo mno vyenye kukifungua kiungo hicho. Punje ni moja: kwa kiungo hiki ni ugali, na kwa kiungo kile ni shuka. Je, hii si ishara kwa watu wenye akili?

Ama hariri, hiyo ni ya jamii nyingine. Ni uzi autoao mdudu, nao ni protini. Punje za protini huitwa asidi amino, na zitumikazo katika viumbe aghlabu ni aina 20. Nywele, sufu na ngozi ni katika jamii hiyo.

Kisha binadamu akajifunza kutunga tasbihi zake mwenyewe. Mwaka 1892 huko Uingereza walivumbua njia ya kuiyeyusha selulosi ya miti na kuivuta upya iwe uzi laini. Huo ndio rayoni, ulioitwa hariri ya bandia. Mwaka 1935 Wallace Carothers wa Marekani akatengeneza nailoni, na mwaka 1941 Waingereza wakatoa poliesta. Hizi mbili hutokana na mafuta ya ardhini, wala hakuna mdudu aliyeshiriki. Na nyuzi za akriliki zifumwazo mablanketi huko Ruiru ni za jamii hiyo pia.

Sasa hukumu yadhihiri. Hariri iliyoharimishwa kwa wanaume ni ile ya mdudu. Rayoni, nailoni na poliesta si hariri, hata zikang'aa namna gani, na jina la "hariri ya bandia" halibadili asili. Na kitambaa kilichochanganywa, maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii hutazama uzani: hariri ikizidi, ni haramu kwa mwanamume, ikipungua, yajuzu, na zikilingana, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu. Asiyejua kitambaa chake ni nini, na achomoe uzi mmoja auchome kwa hadhari. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu lenye kuvunjika, huenda ni hariri au sufu. Ukinuka kama karatasi, ni pamba au rayoni. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni katika hizo za mafuta. Jaribio hilo ni jepesi kuliko kumvunjia ndugu heshima mbele ya watu.

Lakini ilimu hiyo hiyo iliyofungua mlango huu yafunga mwingine. Thika yajulikana kwa viwanda vya ngozi. Ngozi hudumu baada ya kudibaghiwa kwa sababu dawa hushikamanisha minyororo ya protini yake isioze. Na zamani magome ya mikoko yetu ya Lamu yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Kwa Mashafii, ngozi ya mzoga hutahirika kwa kudibaghiwa, ila ya mbwa na nguruwe. Na protini hiyo ya ngozi na mifupa, ikichemshwa, hutoka jelatini, itiwayo katika peremende na vidonge vya dawa. Jelatini yatoka kwa ng'ombe na kwa nguruwe pia, na kwa macho hazipambanuki. Wako wakemeao shati la poliesta, na huku wawanunulia watoto wao peremende bila ya kuuliza imetoka kwa mnyama gani! Yapasa ukali wetu tuuhamishie huko.

Limebaki jambo la amana. Pamba na katani zikitupwa huoza, kwa kuwa vijidudu vya udongoni vyajua kuzifungua punje zao. Plastiki ya mifuko ni punje za etilini zilizofungwa kwa fundo ambalo vijidudu hivyo karibu havilijui. Kamba za plastiki zilipoushinda mkonge sokoni katika miaka ya 1960, bei zikaanguka, na wengi waliokula kwa mkonge wakataabika. Nasi tukapata urahisi, na taka zake zikawafika hata kasa wa baharini. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tarehe 28 Agosti 2017. Sisi tulifundishwa na Mtume wetu, kabla ya sheria hiyo kwa karne nyingi, kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ni aibu iliyoje Muislamu kungoja askari ndipo asafishe mlango wa msikiti wake!

Enyi wazazi, msiseme kuwa kemia ni ilimu ya wengine. Mmeona kuwa fakihi asiyejua asili ya uzi hawezi kumjibu kijana wa Ruiru, na mtaalamu asiyejua fikihi hawezi kumjibu pia. Wasomesheni watoto wenu zote mbili, wa kiume na wa kike. Nanyi wazee wetu wapenzi, mumuonapo kijana katika safu na kanzu ing'aayo, muulizeni kwa upole kabla ya kumhukumu. Na ninyi vijana, rudini katika jamaa, wala karipio la mtu lisiwatoe katika nyumba ya Mola wenu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na azifunge nyoyo zetu pamoja. Amin. Wallahu aalam.